Kijungu cha Mtani

Shangazi yangu alikuwa na banda la chakula Ifakara, jirani na pale magari ya kwenda Lupiro na Malinyi yalipokuwa yakipakia abiria, na banda lile lilikuwa na sheria moja ambayo hata angekuja mkuu wa wilaya isingepindishwa. Kila siku asubuhi, kabla chai haijachemka na kabla mtu yeyote hajauziwa hata andazi, kijungu kiwe jikoni. Kilikuwa kijungu cha udongo, kidogo, cha kupikia mboga ya watu wawili wasio na njaa. Ndani yake kinapikwa kitu ambacho hatujawahi kukipika. Si lazima kiwe kitamu, wala si lazima kiwe na jina. Kiwe kipya tu, tena kitokane na vitu vilivyomo bandani, maana Shangazi alikataa katakata mtu kwenda sokoni kwa ajili ya kijungu. "Akili haiuzwi sokoni," alikuwa anasema, "angalia hapo ulipo kuna nini." Basi unaangalia. Kuna kiporo cha wali, kuna kipande cha kambale wa moshi, kuna ndizi imeanza kuwa nyeusi. Haya, pika.

Kijungu hakiuzwi. Kinaonjwa, na wa kwanza kukionja ni mtani.

Mtani wetu alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilipakana na chetu, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo na kaseti zilizokatika. Kabila lake na letu ni watani tangu enzi za mababu, na mwenye kujua utani anajua maana yake: anaweza kukuambia neno lolote, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, kosa ni lako. Shangazi alinifafanulia mambo haya wiki ya kwanza tu. Watu wetu, alisema, wamelelewa kwa heshima kupita kiasi. Mpe mtu chakula kibaya: atakula, atasema kitamu, atakushukuru, atakuombea Mungu, na kesho atapita upande wa pili wa barabara. "Heshima ndiyo inaua mabanda ya chakula," alisema. "Mtani hana heshima. Huyo ndiye wa kumpa kijiko."

Kweli hakuwa nayo. Alikuwa anakuja na bisibisi sikioni, anakaa, anafunua kijungu, anakitazama kwa huruma.

"Hiki ni chakula au adhabu?" anauliza.

"Kula ufe, tupumzike na kelele za redio zako," Shangazi anamjibu.

"Nikifa nani atawaambia ukweli? Nyie watu mnapika kama mnamfukuza mgeni. Nazi imekatika, samaki analia." Anakula lakini, tena anafuta kijungu kwa kidole. Ukimsikiliza vizuri, katikati ya matusi yote yale, alikuwa amesema jambo moja la maana: nazi imekatika. Shangazi alikuwa analichukua hilo, mengine anayaacha yaende na upepo.

Mimi nilifika pale nikitokea kijijini Mbingu, nimeachika, nina kanga mbili na mdomo mrefu. Shangazi ni dada yake baba, mjane, mtoto wake mmoja wa kiume analima mpunga Malinyi na ana familia yake huko. Nilipofika nilipiga magoti nikasema shikamoo, nikaanza kulia. Akaitikia marahaba, akanisogezea ungo wa vitunguu na kisu. "Kulia utalia ukikata hivi," akasema, "tusipoteze machozi bure." Ndivyo nilivyopokelewa. Mpaka leo sijapokelewa vizuri zaidi ya vile mahali popote.

Mwanzoni nilikiona kijungu kile ni kupoteza kuni. Nilimwambia waziwazi, mimi sina dogo: "Shangazi, watu wanataka wali na maharage, wewe unacheza mapishi kama watoto." Hakukasirika. Alinipeleka nje ya banda akanionyesha mabanda ya wenzetu yaliyopangana kandokando ya barabara. Wote mchele ule ule wa Kilombero, maharage yale yale, chai ile ile. "Sasa wewe ukiwa abiria," akaniuliza, "uingie kwetu kwa sababu gani? Kwa sura yako hiyo?"

Kisha akanipa mfano wa vitumbua. Mama mmoja wa Kisukuma alikuwa anatuletea maziwa mgando kwenye ndoo. Wasukuma hao walikuwa wamehamia bondeni na ng'ombe wao, na wengi mjini walikuwa bado wanawatazama kwa jicho la pembeni. Shangazi alikuwa anamsalimia kwa lugha yake, "Mwangaluka," na yule mama anacheka mpaka ndoo inatikisika, kwa jinsi Shangazi alivyokuwa anaitamka. Siku moja maziwa yalibaki, unga wa mchele ulikuwepo, na kijungu kilikuwa kinadai haki yake. Shangazi akakoroga unga wa vitumbua kwa maziwa mgando badala ya nazi. Mtani akaonja. Akasema, "Hivi ni vibaya sana, niongezeeni vingine nihakikishe." Tangu hapo madereva wa malori ya Malinyi walikuwa hawaondoki bila vitumbua vyetu. Kijungu ndicho kilichovizaa.

Lakini nisikudanganye, vingi vilivyopikwa mle havikuwa na mbele wala nyuma. Tulishawahi kupika magimbi na ukwaju tukaishia kumpa kuku, na kuku naye akafikiria kwanza. Shangazi hakujali. Kwake ilikuwa kama kufagia uwanja: hufagii ili uokote pesa, unafagia kwa sababu kumekucha. Alikuwa anavunja ndizi mle ndani huku anaimba kwa Kindamba, anacheka peke yake, na mimi nilikuwa namtazama nikijiuliza mama wa umri ule anapata wapi furaha asubuhi yote ile, na moshi machoni.

Sifa alikuwa hatoi. Ukipika vizuri namna gani, anachota mchuzi, anamimina kiganjani, anauonja, ananyamaza, halafu anasema, "Chumvi haikuzidi." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya juu kabisa. Mimi nilikuwa naitafuta siku nzima. Nilikuwa mpishi wa kuuliza: Shangazi, njoo uonje. Shangazi, imetosha? Shangazi, niongeze nazi? Nyama inachemka huku, mimi nimeshika kijiko namkimbiza uani. Nilikuwa nauamini ulimi wake kuliko wangu, na kwa nini nisiuamini? Ulimi ule ulikuwa unatambua mchele wa mwaka jana hata ukichanganywa na mpya.

Mwaka mmoja, watu wakiwa mashambani wanapanda, Shangazi akashikwa na homa. Ilimlaza mpaka nikaanza kusali sala nilizokuwa nimezisahau. Akapona, ashukuriwe Mungu, akarudi jikoni amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Akachota mchuzi wa samaki niliokuwa nimeupika, akamimina kiganjani, akaonja. Akaonja tena.

"Umeweka chumvi?"

"Nimeweka, Shangazi."

"Na ndimu?"

"Nimekamua zaidi ya moja."

Akaketi kwenye kigoda. Kiganja kilikuwa bado kiko wazi, kimelowa mchuzi. "Sisikii kitu," akasema. "Ni kama nalamba ukuta."

Tulidhani ni dawa chungu alizokunywa, zitatoka mwilini. Siku zikapita, ulimi haukurudi. Asubuhi moja, nikiwa nakoroga uji, akanitamkia lile nililokuwa naliogopa. "Mpishi asiye na ulimi ni fundi saa kipofu. Mpunga ukiiva na ulimi haujarudi, nafunga banda. Nitaenda Malinyi kwa mwanangu, wewe utarudi kwa kaka yangu."

Kaka yake ndiye baba yangu. Kurudi kwa baba maana yake nilikuwa naijua: alikuwa ameshaniangalizia mume mwingine, mtu mzima mwenye wake na meno machache. Lakini niseme kweli ya moyoni, hofu yangu kubwa haikuwa huyo mzee. Nilikuwa nampenda Shangazi. Nilikuwa nimepata mtu wa kuamka naye asubuhi na kucheka, na sasa alikuwa anaondoka kwa sababu ya kipande cha nyama kilichomo mdomoni. Nilisema moyoni, ulimi huu nitaurudisha mimi. Nitaurudisha kwa kijungu.

Basi kijungu kikawa changu. Kila asubuhi nilipika kitu cha kumwamsha. Nilianza na makali: pilipili kichaa na tangawizi, mtani akatokwa machozi akasema, "Mnaniua kwa awamu!" Shangazi akameza kijiko kizima, akatikisa kichwa. "Sisikii." Nikaingia kwenye uchachu, ukwaju na ndimu na maziwa yaliyolala. "Sisikii." Yule mama wa Kisukuma alipoona napigana peke yangu akaniletea michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, akanifundisha kuvichemsha na karanga. Mtani alikula akasahau kutukana, ikabidi Shangazi amkumbushe. Yeye mwenyewe alitafuna polepole, akanitazama kwa muda, akasema, "Sisikii kitu, mwanangu. Jaribu tena kesho."

Siku moja hasira zikanipanda. Nilichuma majani ya mwarobaini, nikayatwanga, nikayachanganya kwenye mchicha. Mtani aliweka ulimi tu akaruka hadi barabarani, akawa anatema na kulaani ukoo wetu mzima kwa lugha za makabila yote anayoyajua. Shangazi alikula vijiko viwili, uso mkavu. Kisha akanyanyuka taratibu akaenda nyuma ya banda na ndoo. Nilibaki nimeshika mwiko, nimekata tamaa kabisa. Kama mwarobaini haukuingia, nikasema, ulimi huu umekufa na umezikwa.

Lakini kijungu sikukiacha. Na jambo ambalo sikuliona wakati ule ni kwamba sikuwa na mtu wa kumuuliza tena. Imetosha? Hakuna wa kujibu. Nazi? Amua mwenyewe. Tangu homa ile nilikuwa nimeanza kuonja kiganjani kama yeye. Nikaanza kuamka na kitu kichwani, nimekiota: je, nikikaanga wali wa jana kwa samaki wa moshi aliyesagwa? Je, kisamvu nikikitia karanga na maziwa mgando? Kuna asubuhi nilicheka peke yangu, moshi machoni, ndipo nikamwona Shangazi ananitazama toka kwenye kigoda chake, ametulia, mikono juu ya ungo. Wali wa samaki wa moshi uliingia kwenye sufuria kubwa. Michembe na karanga ikawa chakula cha asubuhi cha wapanda baiskeli waliotoka kuuza mkaa. Banda likawa linajaa.

Masika ikaingia. Mwaka ule mto ulijaa, maji yakatanda mbugani, na mtani akiwa amekwenda Lupiro kutengeneza redio za watu, akakwama huko ng'ambo. Kivuko hakikuvusha mtu. Nikabaki na kijungu na hakuna mtani.

Nikafanya nini? Nikawapa wengine waonje. Wa kwanza alikuwa katekista mstaafu, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akisema neno baya hata juu ya shetani. Mwingine alikuwa mwalimu, mwingine mama mmoja wa kwaya. Kila kitu kilikuwa kitamu. "Kitamu sana, mama. Mungu akubariki." Mimi nikavimba kichwa. Baada ya matusi ya mtani, sifa zile zilikuwa zinaniingia kama uji wa moto kwenye baridi.

Sasa masika ina taabu yake: kuni zimelowa. Maharage yalikuwa hayaivi, abiria wanasubiri, moshi umejaa banda zima. Nikapata akili, au nilidhani ni akili. Nikatia magadi kwenye kijungu cha maharage ili yaive upesi. Wenyewe tunayajua magadi, kidogo yanalainisha, yakizidi unakula sabuni. Yakaiva haraka, nikampa katekista. Akatafuna. Akafumba macho kidogo, nikadhani anasikia raha. "Matamu, mama," akasema. "Mungu akubariki." Kesho yake nikayatia kwenye sufuria kubwa, na kesho kutwa nikaongeza, maana kuni zilizidi kulowa.

Wateja wakaanza kupungua. Hawakusema kitu, si unajua watu wetu! Walikuwa wanaingia, wanakula nusu, wanasema asante sana, tumeshiba, tutarudi. Wapanda baiskeli wakapita wakinipungia mkono kwa adabu, wakaingia banda la tatu kutoka kwetu. Madereva walikuwa hawapo kwa sababu ya barabara, nikasema basi ni mvua hiyo, mvua itakatika. Mabenchi yakawa matupu hadi kuku wanalala juu yake. Shangazi alikuwa anaangalia mabenchi, ananiangalia mimi, anaangalia sufuria. Alikuwa anachambua mchele kwa nguvu kama amegombana nao.

Ikafika asubuhi moja bandani yuko katekista peke yake. Nikampakulia maharage na chapati, nikasimama pembeni nisikie sifa yangu.

"Matamu, mama," akasema, akanywa maji. Akanywa tena. "Mungu akub..."

Shangazi aliinuka kwenye kigoda, akanyoosha mkono, akachukua bakuli mbele ya mzee wa watu, akachota kwa kidole, akaonja.

"Ebo! Haya ni maharage au sabuni ya mche? Umemwaga kopo zima la magadi humu? Hata kisamvu cha msiba hakitiwi magadi hivi! Na wewe, mzee wangu, umetoka kanisani sasa hivi unakuja kumdanganya mtoto wa watu?"

"Mama," katekista akasema kwa sauti ndogo, "sikutaka kumvunja moyo."

Mimi sikuwa nasikia habari za katekista. Nilikuwa namtazama Shangazi, na Shangazi alikuwa anakitazama kidole chake.

"Shangazi," nikasema. "Umesikia magadi."

Akakificha kidole kwenye kanga.

"Umesikia! Ulimi umerudi! Jamani, ulimi umerudi!" Nikarusha mwiko, nikamkumbatia, kigoda kikapinduka, ungo ukaanguka, mchele ukasambaa chini. Katekista akasimama akafanya ishara ya msalaba, akasema ni muujiza. "Muujiza gani, kaa chini unywe chai," Shangazi akamwambia, lakini sauti haikuwa yake ya siku zote. Ndipo nikamwachia, nikamtazama vizuri usoni.

"Umerudi lini?"

"Juzijuzi."

"Juzijuzi lini, Shangazi?"

Akainama akaanza kuokota mchele.

"Wakati wa michembe?" nikauliza. "Usiniambie wakati wa michembe ulikuwa unasikia."

"Ile michembe," akasema huku ameinama, "nilikuwa natamani kuomba tena."

"Na mwarobaini?"

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka. "Mwarobaini! Mwanangu, mwarobaini niliusikia mpaka kisogoni. Ulidhani nimeenda kuchota maji? Niliinama nyuma ya banda nikajitapisha, nikajiambia huyu mtoto ataniua kabla homa haijarudi."

Loo, nilikasirika! Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii dada ya baba yake. Kwamba miezi yote ile naamka na hofu, naomba Mungu, nachoma vidole, kumbe yeye yuko pale anasikia chumvi na ndimu na kila kitu, ananitazama tu. Alininyamazia nikamaliza. Katekista alikuwa ameuficha uso kwenye kikombe.

"Ungeambiwa nasikia, ungefanya nini?" akaniuliza. "Ungenirudia na kijiko chako. Shangazi imetosha, Shangazi niongeze. Umekaa na mimi muda wote ule unapika kwa ulimi wangu. Homa ilipouchukua, nikaona umeanza kuonja kiganjani. Ulimi uliporudi nikasema, ngoja kidogo, nisiseme leo. Kesho nikasema hivyohivyo. Halafu ukaanza kucheka peke yako jikoni. Sasa nikuharibie?"

Nilichuchumaa nikaanza kuokota mchele pamoja naye, punje kwa punje, na hasira zikawa zinanitoka taratibu, furaha inaingia mahali pake. Ulimi umerudi! Alisema usiporudi ndiyo ataondoka, na umerudi, kwa hiyo haondoki. Nikamwambia hivyo, naona raha kulitamka. "Basi Malinyi huendi tena."

Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

"Nitaenda, mwanangu."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema nafunga banda. Banda sifungi tena." Akajishika magoti, akanyanyuka kwa taabu, nikaona jinsi alivyokuwa mtu mzima, jambo ambalo sijui kwa nini nilikuwa silioni. "Ulimi umepona. Magoti hayakupona. Nilipokuwa nimelala na homa, nilikuwa nafikiria wajukuu zangu ambao hawanijui sura. Nilitaka kwenda tangu siku ile. Ila ningekuacha na nini? Na wali na maharage? Wangekumaliza ndani ya mwezi mmoja." Akaelekeza kidole kwenye sufuria. "Kamwage hayo magadi. Na ukose kila kitu, lakini usikose mtani."

Niliyamwaga huku nalia, na safari hii hapakuwa na kitunguu cha kusingizia. Nilikuwa nimeuombea ulimi ule urudi ili asiondoke. Na kumbe kila kijungu nilichompikia kilikuwa kinamfungia mizigo.

Maji yalipopungua mtani akavuka, amekonda, matope hadi magotini. Tulipomsimulia habari ya magadi alikaa chini kabisa kwa kicheko. Akaenda kumtafuta katekista hadi nyumbani kwake, akamwambia kwamba mbinguni kutakuwa na meza maalumu ya waongo wapole. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye benchi letu, anafunua kijungu. "Mungu wangu, bado mnapika? Nilidhani serikali imeshawafungia." Katika wiki ile wapanda baiskeli walirudi mmoja mmoja, kwa adabu zao, kana kwamba hawakuwahi kwenda kwingine.

Mpunga ulipoanza kuiva Shangazi akapanda lori la Malinyi. Alikaa mbele na dereva, kapu la vitumbua mapajani. Mwiko mkubwa aliniachia, na mafiga, na kigoda. Mtani alikuja kumuaga akasema afadhali anaondoka, Ifakara itanenepa sasa. Kisha akageuka, akawa anajipangusa macho kwa kitambaa chake cha kufutia redio, anasema moshi, moshi, na jikoni moto ulikuwa umeshazimika.

Siku za kwanza nilikuwa nageuka na kijiko mkononi. Shangazi, imet... na kigoda kitupu. Nikawa najimiminia kiganjani, naonja, naamua. Asubuhi moja mama wa Kisukuma alikuwa ameleta maziwa, samaki wa moshi alikuwepo, na kulikuwa na majani ya maboga. Nikapika kitu ambacho mpaka leo hakina jina. Mtani akaonja. Akaweka kijiko chini. Halafu akasema, "Hiki usinipe mimi. Kipeleke Malinyi."

Nikafunika kijungu, nikakifunga kwa kanga, nikampa dereva wa lori la siku ile na kumwapisha asikiguse. Alikuwa mtu mzima, akaapa huku ananusa.

Desturi yetu chombo hakirudi kitupu. Dereva aliporudi alinikabidhi kijungu bandani mbele ya wateja, kimeoshwa, kimejaa pepeta, ule mpunga mchanga wanaoukaanga na kuutwanga kabla ya mavuno, bado unanukia shamba. Nikaangalia ndani. Nikaangalia kwenye kanga. Nikamuuliza dereva, hakusema kitu?

"Alimimina kiganjani," dereva akasema, "akaonja. Akakaa kimya mpaka nikadhani amesahau nipo. Halafu akaniambia nikwambie chumvi haikuzidi."

Nikakaa kwenye kigoda chake, kijungu mapajani, nikalia kwa sauti pale pale mbele ya watu wote, chai yao inapoa. Hakuna aliyediriki kuniambia ninyamaze, isipokuwa mtani, ambaye alidai chapati yake.